Kasoro ni ya Nani?

Jumamosi moja ya Agosti, miaka miwili iliyopita, nilishinda kwenye kibanda cha fundi pikipiki nyuma ya stendi ya Babati nikisikiliza bomba la moshi. Pikipiki ilikuwa yangu kwenye kadi tu. Kijiweni ilijulikana kuwa ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye nilimpa kwa mkataba: analeta hesabu kila jioni, na miezi ikitimia chombo kinakuwa chake. Asubuhi hiyo alikuja nyumbani amekumbatia ekzosi mpya iliyofungwa kwenye mfuko wa sandarusi, kama mtu aliyetoka wodi ya wazazi. Ilikuwa fupi, inang'aa, yenye mdomo mpana. Ameinunua shilingi elfu sitini kwa mtu anayezileta kutoka Arusha.

"Mjomba, ruhusa yako tu," akasema. "Pesa nimetoa mimi."

Nikamruhusu. Tena nikaongozana naye hadi kwa fundi, maana nafundisha fizikia sekondari na sipendi kukosa kazi ya namna hiyo. Darasani huwa nachora injini ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wanainakili kama ramani ya nchi wasiyotarajia kufika.

Kuitoa ile ya zamani ni nati mbili namba kumi kwenye kichwa cha injini na bolti moja nyuma, karibu na kikanyagio cha abiria. Nati moja ilikuwa imeshikana na kutu. Fundi akaimwagia dizeli, tukanywa chai, kisha akairudia taratibu, robo mzunguko mbele, robo nyuma. Anayejua anajua: stadi ikikatikia ndani ya kichwa cha injini, siku imekwisha na hesabu ya wiki imekwenda nayo. Haikukatika. Ekzosi ya kiwandani ikatoka, chuma kizito cheusi chenye bati la kinga ubavuni, ikasukumwa chini ya benchi.

Ile mpya ilikuja na matatizo yake. Kishikio chake cha nyuma kilipishana na tundu la pikipiki kwa upana wa vidole viwili. Kijana anayejifunza kazi akatoboa kipande cha bati nene, akaunganisha. Akaikaza bolti ya nyuma kwanza, kwa nguvu zake zote, ndipo akaenda kukaza nati za mbele. Na gasketi akarudishia ileile ya zamani iliyokwisha kubonyea. Niliona yote hayo na sikusema kitu, kwa kuwa wakati huo sikujua kama yana maana.

Ikawashwa. Mlio ulijaza kibanda, ukatoka nje, ukagonga ukuta wa nyumba ya wageni ya ng'ambo na kurudi. Mpwa wangu akafumba macho. Kisha akavuta mafuta, akaachia, na hapo ndipo shida ilipojitokeza: pa! pa-pa! Baruti. Mama wa maandazi akainama na beseni lake.

Saa mbili zilizofuata zilikuwa za raha tupu kwangu. Fundi alisema ni kabureta, inamwaga mafuta mengi. Mimi nilisema hapana. Injini ya pikipiki kama Boxer ikiwa imetulia inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika, na kwa kuwa inawaka mara moja katika kila mizunguko miwili, ni milipuko kama 12 kwa sekunde. Ukiivuta hadi mizunguko 6,000 inakuwa milipuko 50 kwa sekunde. Vyumba vilivyomo ndani ya ekzosi ya kiwandani vimewekwa kuichosha milipuko hiyo kabla haijafika nje. Lakini baruti ya ukiachia mafuta ni jambo jingine. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna upenyo karibu na injini. Hewa safi inafyonzwa ndani, inakutana na petroli isiyoungua kwenye bomba la moto, inalipuka humo humo.

Tukaiacha ipoe. Nikaomba sabuni ya unga na maji kwenye kikopo, nikapaka povu kwenye maungio ya mbele, nikamwambia awashe. Upande wa chini wa kola, pale ambapo bolti ya nyuma ilikuwa imelivuta bomba likae mshazari, povu likaanza kutoa mapovu makubwa, moja baada ya jingine. Nilipiga kelele ya furaha. Miaka kumi na minne ya kufundisha mgandamizo wa hewa, na hii ndiyo mara ya kwanza niliyoufumania ukitoroka.

Tukanunua gasketi mpya ya shaba. Tukalegeza kila kitu. Safari hii nati za mbele zilikazwa kwanza, kidogo huku kidogo kule ili bomba likae sawa, na bolti ya nyuma ikaja mwisho. Fundi akachomoa plagi, akaiona imepauka kwa kuwa injini sasa ilikuwa ikipata hewa nyingi kuliko mafuta, akabadili jeti ya kabureta kwa kubwa kidogo. Ikawashwa tena. Mlio ulikuwa mzito, safi, wa duara. Baruti hakuna.

Nilimgeukia mpwa wangu nikitegemea shukrani. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mbona imekufa?" akauliza.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniangalia mimi, si yeye, akaniuliza swali ambalo sijamaliza kulijibu: "Sasa mwalimu, nimrudishie kasoro?"

Kasoro ni neno ambalo mafundi na walimu tunalitumia kana kwamba limeandikwa kwenye chuma. Lakini chuma hakina kasoro. Upenyo ule chini ya kola ulikuwa unafanya kila kitu kwa mujibu wa kanuni za fizikia, haukukosea hata moja. Fundi anapouliza "inasumbua nini?" kwa kweli anauliza inamsumbua nani, na jibu hutoka kwa aliyeshika pochi. Kwa mpwa wangu baruti ilikuwa nusu ya thamani ya zile elfu sitini. Wenzake wa kijiweni huitengeneza kwa makusudi, wanazima swichi pikipiki ikiwa kwenye mwendo kisha wanaiwasha ghafla, hasa kwenye msafara wa harusi, na kwenye msafara wa kumzika mwenzao. Mimi nilikuwa nimetumia saa mbili kumtibu mtu ugonjwa alioununua.

Nikaamua kama hakimu wa baraza la kata. Ekzosi ibaki, baruti hapana. Wote wakakubali, mmoja kwa kununa.

Likabaki bati la kinga. Ekzosi mpya haikuja na lake, na lile la zamani matundu yake hayakulingana. Fundi alisema yanahitajika masikio mawili madogo ya kuchomelea, kazi ya dakika kumi, ila umeme ulikuwa umekatika tangu saa saba. "Mje Jumatatu." Tukasema sawa. Bati likawekwa juu ya benchi, ekzosi ya zamani ikabaki chini yake, tukaondoka tukiwa tumeshiba ushindi.

Jumatatu nilikuwa na vipindi sita. Mpwa wangu alikuwa na abiria.

Siku zile mjadala uliokuwepo nyumbani kwetu Maisaka ulihusu sauti peke yake. Nilipima kwa simu nikiwa nimesimama getini: kabla ya kubadilisha ilisoma 78, baada ya hapo 93. Simu si kipimo cha mahakamani, lakini desibeli ni hesabu ya ujanja. Tofauti ya 15 maana yake nguvu ya sauti imezidi zaidi ya mara thelathini, hata kama sikio linahisi kama mara tatu hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, linashauri wastani wa kelele za magari usiku usivuke desibeli 45. Na hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitaja kelele kati ya mambo ya kuwekewa viwango. Jirani yetu, aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu, hakutaja sheria yoyote. Alimtuma binti yake: "Mwambie mwalimu namsalimu, na pikipiki yake naisikia."

Mpwa wangu hakuwa mjinga, na hoja yake ilikuwa na damu. Mwezi mmoja kabla, lori lililokuwa likitokea upande wa Kondoa lilimbana pale Bonga hadi akaingia mtaroni na magunia mawili ya vitunguu. Babati ni njia panda. Barabara ya Arusha inafika hapa na kugawanyika, moja inakwenda Singida, nyingine Dodoma, na tangu hiyo ya Dodoma izinduliwe kwa lami mwaka 2018 malori hayalali. Dereva wa lori alishuka akaomba radhi, akasema hakumwona. Mpwa wangu kila akisimulia husema: "Hakunisikia."

Nikamletea utafiti, maana ndiyo silaha niliyo nayo. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali za pikipiki zipatazo 900 walizozichunguza wenyewe Los Angeles. Waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya hatari zilimjia dereva kutoka mbele. Mdomo wa ekzosi unatazama nyuma, nikamwambia. Unawapigia kelele watu uliokwisha kuwapita.

"Huyo Hurt amewahi kupita Minjingu saa mbili usiku?"

"Hapana."

"Basi."

Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwa na utafiti wake. Alisema kijiweni kwao kuna pikipiki zaidi ya arobaini, zote nyekundu au nyeusi, zote Boxer au TVS, na abiria huita tu "boda!" bila kutazama sura. "Sasa wananijua kabla sijafika. Hata bibi ananijua."

Hilo la bibi lilikuwa kweli. Bibi yake ni mama yangu, tunaishi naye tangu macho yalipoanza kufifia kwa sukari. Pikipiki ilipokunja kona ya kanisani, mama aliinua kichwa na kusema, "Huyo amefika." Akawa ndiye mtu pekee mtaani aliyeufurahia mlio ule. Nilipomlalamikia alinishangaa. "Mtu akirudi nyumbani salama usiku, unataka arudi kimya kama mwizi?"

Mwaka 1851 Arthur Schopenhauer alichapisha insha fupi yenye hasira dhidi ya kelele, na adui wake mkubwa walikuwa waendesha farasi wanaolializa mijeledi mitaani. Alidai mlio ule haumsaidii mtu, hata farasi mwenyewe ameshauzoea. Nilipoisoma nilimwunga mkono hadi nilipomkumbuka baba yangu akilima kwa maksai kule Galapo. Mjeledi wake ulisikika ng'ambo ya bonde, nasi watoto tulijua kwa mlio tu amefika shamba la nani na uji upelekwe wapi. Kelele ya mmoja ni habari ya mwingine. Hata Kiswahili hakijaamua: mlio ni wa kitu chenyewe, kelele ni ya anayesumbuliwa, na ukelele ni wa mtu anayeomba kuokolewa, na yote matatu yanaweza kutoka kwenye bomba moja.

Nilikuwa naandika mambo kama hayo kwenye daftari wiki ile. Niliyaona ni mambo mazito. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki.

Mama huenda hospitali ya Mrara kwa ajili ya sukari, na mpwa wangu ndiye humpeleka. Zamani alikuwa akikaa upande, miguu yote kushoto, kama wamama wengi wa umri wake. Mwaka uliotangulia alikaribia kuanguka kwenye tuta, nikamkataza. Nilimwambia akae kama wanaume, mguu huku mguu huku, ashike kiuno cha mjukuu. Hakupenda, lakini alitii. Alisema mwanawe amesoma. Kwa hiyo Alhamisi ile mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kikanyagio cha kulia, ndani ya kitenge, na ubavuni mwa kikanyagio kile kulikuwa na bomba jipya lisilo na bati.

Ngozi ya binadamu haihitaji moto mwingi. Mwaka 1947 Moritz na Henriques walichapisha vipimo ambavyo bado vinatumika: nyuzi joto 44 huchukua saa kama sita kuharibu ngozi, nyuzi 60 huchukua sekunde chache, 70 sekunde moja au chini yake. Bomba la ekzosi baada ya safari fupi ya mjini linavuka hapo kwa mbali. Ndiyo maana ukikaa kijiweni na kutazama miguu ya kulia ya wanaopita, utaona kovu la yai jeusi kwenye mashavu ya miguu, hasa ya akina dada. Mke wangu analo. Watu wote wenye makovu hayo walifanya kitu kimoja: waliruka. Sehemu ya sekunde tu na mguu ukaondoka. Mama hakuruka.

Mke wangu aliigundua Jumamosi jioni, alipokuwa akimwosha miguu. Aliniita kwa sauti ambayo sijapenda kuikumbuka. Juu ya kifundo, upande wa ndani, kulikuwa na jeraha refu kama kidole cha shahada, kingo nyeupe, katikati kahawia. Tukaenda kukitafuta kitenge cha Alhamisi, tukakikuta kwenye kapu la nguo chafu, kina tundu lililoungua mzunguko wake. Mama alituambia alisikia harufu ya kitu kinachoungua njiani, akadhani ni takataka za watu wa Mrara.

"Hukusikia maumivu, mama?"

"Sikusikia, baba. Ningesikia ningesema."

Neno ni lilelile. Siku nzima ile ya kwanza tulikuwa watu wanne kibandani tukitega masikio, tukipaka povu, tukizima redio ya jirani ili tusikie vizuri, na hakuna aliyeunyoosha mguu wake juu ya kikanyagio cha abiria kuona unaishia wapi. Tulitafuta kasoro inayopiga kelele. Hii nyingine ilikuwa kimya kabisa, na ilimpata mtu ambaye mguu wake nao ulikuwa kimya.

Mpwa wangu alipofika hakusema lolote. Aliutazama mguu, akatoka nje. Usiku nilisikia vyuma vikigongana uani. Alikuwa amemwamsha fundi, akachukua ekzosi ya zamani chini ya benchi, na alikuwa anaifunga peke yake kwa tochi ya simu, nati za mbele kwanza.

Mahesabu ya lawama nimeyafanya mara nyingi, na kila mara yanatoka tofauti. Fundi alisema Jumatatu, na Jumatatu sisi hatukwenda. Kijana aliyeunganisha kile kishikio alifanya alichoagizwa. Muuza ekzosi hajui mama yangu. Mpwa wangu anasema ni yeye, pesa ilikuwa yake na usukani ulikuwa wake. Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu, mwenye moyo mwema, alinifariji kwa kusema haya ni mambo ya Mungu, hakuna aliyekusudia. Ni kweli hakuna aliyekusudia. Lakini nimetoa adhabu kwa wanafunzi miaka kumi na minne na sijawahi kumwachia aliyeacha kichomeo cha gesi wazi maabara kwa kuwa hakukusudia. Huwa nawaambia kutokusudia ndiko kunakoteketeza maabara. Na mimi ndiye niliyekuwa na mamlaka pale kibandani. Fundi aliniuliza mimi, nirudishe kasoro au nisirudishe, na nikajibu kwa kujiamini kama mtu aliyeombwa kuchagua kati ya vitu viwili vyote vilivyopo duniani. Jambo linalonisumbua zaidi ni ile raha. Nisingefurahia sana mapovu yale ya sabuni, huenda ningekuwa na jicho moja la akiba.

Rafiki zangu wengine wanasema kosa ni kumwambia mama akae kama wanaume. Hilo silikubali. Ningemwambia tena leo. Ila sasa najua kwamba kila unapomhamisha mtu kutoka kwenye hatari moja, unamweka mahali, na mahali hapo pia panatakiwa kukaguliwa.

Hospitali daktari alitoa kifaa kidogo chenye uzi wa nailoni, uzi unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Akamwomba mama afumbe macho, aseme "ndiyo" kila atakapoguswa mguuni. Daktari akagusa kidole gumba. "Ndiyo," mama akasema. Akagusa kisigino. "Ndiyo." Akagusa unyayo, ndiyo. Nikaanza kupata matumaini. Kisha daktari akaunyanyua uzi hewani, hakugusa popote, akasubiri. Chumba kilikuwa kimya. Mama akasema, "Ndiyo."

Tukiwa nje nilimwuliza kwa nini.

"Nilimhurumia," akasema. "Nilijua anasubiri."

Jeraha lilichukua wiki kumi na moja. Wiki ya nne lilianza kutoa harufu na daktari akatumia neno "kukata" kwa mara ya kwanza, kwa upole, akiwa anatazama faili. Wiki hiyo mpwa wangu hakuleta hesabu, na mimi sikuuliza. Alikuwa anampeleka bibi yake kubadilisha bandeji kila siku ya pili, akikaa upande, miguu yote kushoto, na yeye anaendesha mwendo wa kutembea huku magari ya Singida yakimpigia honi. Wiki ya saba nyama nyekundu ilianza kuja kutoka pembeni. Sasa pamefunga. Ngozi ya hapo inang'aa na haina vinyweleo.

Mama analalamika kuhusu jambo moja tu. Hasikii tena pikipiki ikikunja kona ya kanisani. Mjukuu anamtokea mlangoni ghafla na moyo unamruka. Kwa hiyo amekuwa akipiga honi mara mbili akifika getini, hata saa nne usiku, na mtoto wa jirani, ambaye sasa anatembea, hukimbilia dirishani.

Ekzosi ile mpya imening'inia ukutani kwa fundi tangu wakati ule. Mwezi uliopita alinipigia simu nikiwa darasani, nikatoka kwenye veranda.

"Mwalimu, kuna kijana hapa anaipenda ile ekzosi yenu. Anatoa elfu arobaini. Dogo amesema niuze, lakini nimeona nikuulize."

Nilijua zile elfu arobaini mpwa wangu anazihitaji. Zingefunga deni la mwezi ule wa bandeji. Nikamwuliza fundi ana pikipiki gani huyo kijana.

"Boxer. Kama yenu."

"Umeshachomelea masikio ya bati la kinga?"

"Yake anataka hivyohivyo. Anasema bati linaharibu muonekano."

"Anabeba abiria?"

Nilisikia fundi akicheka, na nyuma yake injini ikiwashwa. "Mwalimu," akasema, "hapa Babati nani habebi abiria?"

Nikamwambia angoje. Bado anangoja.